Nimeachiwa kuku wa mama mkwe Kibosho, nianze na lipi?

Swali: Shikamoo daktari. Mimi ni mtoto wa Dar, kuku nilizoea kumwona kwenye sahani. Mwezi uliopita mama mkwe alihamia Arusha kwa binti yake kwa sababu ya miguu, nasi tukaja kukaa kwenye kihamba chake, yaani shamba la nyumbani lenye migomba, huku Kibosho, Kilimanjaro. Nimekuta kuku wa kienyeji 11, mmoja jogoo, wanalala jikoni juu ya kuni. Tetea mmoja yuko ndani ya kikapu siku ya sita leo, nikimsogelea anavimba na kunidonoa. Mwingine anapiga chafya. Jirani anasema niwape shubiri na vidonge vya rangi mbili. Fundi ameshanipigia hesabu ya banda la mbao na bati. Nianze na lipi?

Jibu: Marahaba, dada, na pole na mshtuko. Fundi mwambie asubiri kwanza. Hela ya kwanza iende kwenye chanjo ya mdondo, ambao wengine huuita kideri. Ukiingia huo, unaweza kulala na kuku 11 ukaamka na wawili, na banda jipya halitakusaidia kitu. Utauona kwa kuku kuzubaa, kuharisha kijani, kuhema kwa shida na wengine kupinda shingo. Dawa ya kuutibu haipo. Shubiri kwenye maji nimeikuta karibu kila boma nililoingia, na mdondo nimeukuta humo humo.

Chanjo nzuri kwa kuku wa kienyeji ni ile ya tone la jicho, inayotengenezwa hapa hapa nchini na kuvumilia joto kuliko nyingine. Kila kuku tone moja, mkubwa kwa mdogo, kisha unarudia kila baada ya miezi 3. Chupa moja hutosha kuku wengi kuliko ulionao, kwa hiyo zungumza na majirani mchange, mwiteni afisa mifugo wa kata siku moja. Mchanje jioni, kuku wakiwa wameshalala, hamtakimbizana nao migombani. Subiri tone lizame, kuku apepese jicho, ndipo umwachie. Kinga huchukua kama wiki mbili kukomaa, kwa hiyo kwa Krismasi chanjeni mapema Novemba. Desemba Wachaga wanarudi nyumbani, kuku wa sokoni na wa zawadi wanapanda mlima kila siku, na huwezi kujua nani kabeba nini.

Huyo wa chafya mtenge leo, na chombo chake cha maji. Usimchanje mpaka apone. Akivimba uso au macho yakatoa povu, huenda ni mafua ya kuku, mwonyeshe afisa mifugo. Rangi mbili ni dawa ya binadamu: dozi utakuwa unabahatisha, na mabaki yake yatarudi kwako kwenye mayai.

Sasa huyo mkali wa kikapuni. Haumwi, anaatamia. Mayai huanguliwa siku ya 21, kwa hiyo kama hesabu yako ni sahihi zimebaki 15. Akitoka kwenda kula, yawekee yote alama ya penseli, maana wenzake watamtagia humo humo. Lisilo na alama ni la chai. Kesho kutwa usiku lishike yai moja moja mbele ya tochi ya simu. Lenye uhai lina mishipa myekundu kama utando wa buibui. Linalopitisha mwanga tupu litoe.

Kinachonitia wasiwasi ni kikapu, kama kiko sakafuni. Siafu wa mlimani hawabishi hodi, na mama anayeatamia hakimbii haraka. Niliwahi kuitwa asubuhi kwenye boma moja nikakuta manyoya na mifupa. Kiweke juu ya kigoda, kila mguu wa kigoda usimame kwenye kopo lenye oili chafu kidogo.

Chakula kisikuumize kichwa: wajitafutie mchana, jioni uwaongezee pumba za mahindi, mashudu ya alizeti na dagaa kidogo. Maparachichi yaliyoanguka yaokote wasiyale, hasa maganda na kokwa. Yana sumu inayoshambulia moyo wa ndege.

Banda lije baadaye, la mita 3 za mraba tu, limeinuliwa, lina fito za kulalia, na mlango unaofungwa kila jioni kwa ajili ya kicheche. Kwa sasa jikoni panatosha, ilimradi usiku pafungwe.

Siku ya 21 vifaranga wakianza kulia ndani ya mayai, usiwamenyee ganda, hata mmoja akichelewa. Wanatoka na kiini tumboni, wanaweza kukaa siku nzima bila kula. Mama akishuka mwenyewe nao wakimfuata, wawekee maji kwenye kisosi chenye vijiwe, wasizame.