Hewa haihifadhiwi matopeni

SWALI: Shikamoo mwalimu. Kwenye mabango ya hifadhi ya mikoko huku kwetu Kilwa naona mara "hewaukaa", mara "hewa ukaa". Lipi ni sahihi?

JIBU: Marahaba. Andika maneno mawili. Ni majina mawili yaliyowekwa bega kwa bega, kama askari kanzu na bata mzinga. Ukaa ni ndugu wa kaa la moto na makaa, asidhani mtu kwamba limetoka kwenye kitenzi kukaa. Hata kaboni, tuliyoipokea kupitia Kiingereza, shina lake ni neno la Kilatini lenye maana hiyo hiyo ya makaa.

Lakini kuunganisha au kutenganisha si jambo la kugombania. Linalonichoma ni sentensi ambayo huenda imo kwenye mabango hayo hayo: "Mikoko huhifadhi hewa ukaa kwenye matope." Nimeifuta kwenye makala za watu miaka na miaka, na bado inarudi. Hewa gani hiyo iliyofukiwa matopeni? Hewa ukaa ni gesi: atomu moja ya kaboni iliyoshikana na mbili za oksijeni. Jani la mkoko likishaivuta na kuifanyia kazi kwa nguvu ya jua, gesi hiyo haipo tena. Kaboni yake imekuwa sukari, na sukari imekuwa shina, mzizi na jani. Mizizi ikifa na majani yakifukiwa, matope yanayapokea, na kwa kuwa humo oksijeni ni haba, yanaoza polepole mno. Kaboni inaweza kulala humo mamia ya miaka. Kaboni, si hewa.

Tazama gunia la mkaa. Mkaa kwa sehemu kubwa ni kaboni, na kaboni yote hiyo mti uliitoa hewani kwa majani yake, si ardhini. Je, muuzaji anakuuzia gunia la hewa? Mbona basi mpagazi anahema? Tia mkaa huo jikoni, upepee: kaboni inashikana na oksijeni, hewa ukaa inapanda, na chini linabaki jivu, yaani yale madini machache ambayo mizizi iliyafyonza udongoni. Hapo ndipo hewa ukaa inapozaliwa upya. Mchoma mkaa anayajua haya kuliko mwandishi wa bango, ndiyo maana hufunika tanuri kwa udongo: hewa ikiingia kwa wingi, kuni zote zitaishia kuwa gesi na jivu, naye atarudi nyumbani mikono mitupu.

Mtaniambia watu wanaelewana hivyo hivyo. Hawaelewani! Kwa mizani ya kemia, uzito wa kaboni ni 12, na wa hewa ukaa, ikijumlishwa oksijeni yake, ni 44. Tani 1 ya kaboni iliyolala matopeni, mikoko ikikatwa na matope yakafukuliwa hadi ikaoza yote, inatoa takriban tani 3.67 za hewa ukaa. Wanakijiji wa Gazi, Kwale, nchini Kenya, wanauza huduma ya mikoko yao ya kuvuta hewa ukaa kupitia mradi wa Mikoko Pamoja tangu 2013, na mauzo ya namna hiyo huhesabiwa kwa tani za hewa ukaa. Sasa fikiria kijiji chenye tani 100 za kaboni, kisha karani akaandika "tani 100 za hewa ukaa" kwa kudhani ni kitu kimoja. Tani 267 zimepotea kwa sababu ya neno!

Kabonidayoksaidi, jina la hewa ukaa katika vitabu vya shule, naivumilia. Ni ndefu, lakini haidanganyi. "Hewa chafu" siivumilii hata kidogo, maana gesi hiyo ndiyo inayolisha mpunga na mnazi.

Ukipata rangi na brashi, lisahihishe bango lenu hivi: "Mikoko huvuta hewa ukaa, matope huhifadhi kaboni."