Urefu wa pushirodi hupimwa, haukisiwi

Ndugu, umeuliza kama pushirodi (vijiti vinavyopeleka msukumo wa kamshafti hadi kwenye valvu) za urefu wa kiwandani, takriban inchi 7.8, zitafaa kwenye injini yako ya Chevrolet V8 350 ya mashindano baada ya kubadilisha kamshafti na kuchonga silinda hedi. Usiagize kabla ya kupima, kwa sababu hedi iliyochongwa huishusha roka (mkono unaobonyeza valvu) na kudai pushirodi fupi zaidi, ilhali kamshafti ya mashindano mara nyingi ina mduara mdogo wa msingi (sehemu yake isiyoinua valvu), unaoiacha tapeti, kipande kinachokaa kati ya kamshafti na pushirodi, chini na kudai iliyo ndefu zaidi.

Tafuta pushirodi ya kupimia, ile inayorefushwa kwa kuzungushwa, funga springi laini kwenye valvu moja, paka wino kwenye ncha ya valvu hiyo, kisha zungusha injini kwa mkono mara kadhaa. Ukifungua roka utaona alama iliyokwanguka. Endelea kurekebisha urefu mpaka alama hiyo iwe nyembamba na ikae karibu na katikati ya ncha ya valvu. Kama tapeti zako ni za mafuta (haidroliki), tumia tapeti ngumu wakati wa kupima, kisha ongeza kwenye urefu uliopata kiasi cha mbano wa tapeti anachoelekeza mtengenezaji.

Kuhusu ubora, chagua pushirodi za chuma cha aloi cha 4130 cha kipande kimoja, chenye ukuta wa inchi 0.080. Wengi huogopa uzito, lakini upande wa roka ulio na pushirodi, ugumu una thamani zaidi, kwani pushirodi inayopinda kwenye mizunguko ya juu huvuruga mwendo wa valvu. Zikifika, viringisha kila moja juu ya kioo, iliyopinda itarukaruka.