Vani ya kulala safarini: pima baiskeli kabla ya kitanda

Ndugu, umeuliza kama Suzuki Every inaweza kuwabeba wewe na mkeo, baiskeli mbili za mlimani, kitanda, sinki na jiko, mtoke Nairobi Ijumaa jioni mkalale Naivasha au msitu wa Kereita. Kwa watu wawili, siyo. Kwa mtu mmoja na baiskeli moja inawezekana, tena vizuri.

Every imejengwa kwa vipimo vya magari madogo ya Japani: urefu usizidi mita 3.40, upana mita 1.48, injini cc 660, mzigo kilo 350. Sasa chukua tepu uende kwa baiskeli yako. Ya magurudumu ya inchi 29 ina urefu wa kama mita 1.8, na usukani wake una sentimita 76 hadi 80. Usukani peke yake unakula nusu ya upana wa gari. Wengi huanza kwa kumchorea seremala kitanda kizuri, halafu ndipo wanatafuta pa kusukumia baiskeli. Anza na baiskeli, kitanda kitafuata nafasi iliyobaki. Pia kumbuka kurudi Jumapili jioni, ule mpando wa kutoka Mai Mahiu ukiwa na gari lililojaa.

Mimi natumia Nissan NV200 ya lita 1.6. Sehemu ya mizigo ina mita 2 na kidogo, kwa hiyo mtu mrefu anajinyoosha bila kukunja magoti. Safarini baiskeli mbili zinasimama upande wa kulia, moja ikitazama mbele na nyingine nyuma ili usukani usigongane, magurudumu ya mbele yakiwa yametolewa. Kitanda kiko kushoto, upana wa sentimita 60. Tukifika, baiskeli zinatoka na kitanda kinavutwa hadi sentimita 115.

Hicho kitanda ndicho kitu ninachokipenda kuliko vyote humo ndani. Ni vipande vyembamba vya mbao ya saiprasi, nusu vimefungwa kwenye fremu isiyosogea, nusu kwenye fremu ya kuvuta, vikipishana kama vidole vya mikono miwili. Ukivuta, nafasi zinabaki kati ya mbao, na hewa inapita chini ya godoro. Hili ni muhimu, maana watu wawili wakilala ndani ya bati usiku wa baridi, asubuhi chini ya godoro kunalowa, na ukiweka plaiwudi tupu godoro litaota ukungu. Fundi yeyote wa fanicha wa Ngong Road atakielewa ukimpa vipimo na mchoro. Mwambie aache upenyo wa milimita 3 au 4 kila upande, kwa sababu mbao huvimba msimu wa mvua.

Baiskeli husimama kwa kishikizo cha foki, yaani ile miguu miwili inayoshika gurudumu la mbele; changu nilichomelewa na fundi wa jua kali Kariobangi. Ni kipande cha bomba kilichochomelewa juu ya bamba la chuma na kufungwa kwa bolti kwenye ubao wa sakafu, ekseli ya gurudumu la mbele inapita ndani yake. Foki nyingi za sasa zinatumia ekseli ya milimita 15 na upana wa milimita 110, za zamani kidogo 100. Pima ya kwako. Bomba likiwa fupi, ukikaza ekseli unabana miguu ya foki kuelekea ndani, na foki ni ghali kuliko kishikizo mara nyingi sana. Kama una breki za diski za mafuta, chomeka kipande cha plastiki kati ya pedi kila ukitoa gurudumu. Mtu akigusa breki kwa bahati mbaya, pedi zitafungana na safari yako itaanza kwa kuzitenganisha.

Sinki achana nalo. Jerikeni ya lita 20 yenye bomba inatosha. Jiko ni meko ya gesi ya kilo 6, na inapikiwa nje. Usiingize jiko la makaa ndani ya gari hata kama Kereita kuna baridi ya kukata mifupa. Ile hewa yake haina harufu na inaua watu usingizini. Chukua blanketi nzito, acha madirisha mawili wazi kwa vidole viwili, uweke wavu wa mbu.

Umeme, usidanganywe ununue betri kubwa. Taa, feni ndogo na simu mbili hazifiki wati-saa 100 kwa usiku. Betri ya lithiamu ya volti 12 na ampea-saa 20 ina takriban 250, wikendi imeisha. Ichaji kutoka kwa injini kupitia chaja maalumu inayokaa kati ya betri ya gari na hii, na fyuzi ikae karibu kabisa na betri, siyo mwisho wa waya.

Usiku baiskeli zetu zinalala nje, mnyororo ukipita kwenye fremu zote mbili hadi kwenye pete ya kuvutia gari, turubai juu. Kwenye kambi za kando ya ziwa Naivasha, ziegeshe upande wa ndani wa uzio, kwa kuwa viboko hutoka kula nyasi usiku. Ndani ya Hell's Gate tatizo ni nyani wa asubuhi. Chakula chote kirudi garini, milango ifungwe.

Kuhusu kitabu cha gari, kila kitu changu kimefungwa kwa bolti na kinatoka, sijakata bati wala kubadilisha bodi. Ukitaka kuinua paa au kutoboa madirisha, hayo ni mabadiliko ya bodi, nenda NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kwanza, na uwaambie pia watu wa bima.

Ukishapata gari, weka hapa picha ya sakafu ikiwa tupu kabla fundi hajaanza, tuone matundu ya kufungia yako wapi.