Plagi janja ya AC imeungua na LUKU inakimbia: nifanyeje?

SWALI: Mhandisi, habari za kazi. Naishi Dar es Salaam, na chumba changu cha kulala kina AC ya kawaida (si ya inveta, ile inayobadili kasi yake yenyewe) ya BTU 12,000, kipimo cha uwezo wa kupoza. Miezi miwili iliyopita nilinunua plagi janja ya wifi (inayowashwa na kuzimwa kwa simu) iliyoandikwa 16A, nikaipanga iwashe AC saa 3 usiku na kuizima saa 11 alfajiri. Kuzima inazima, ila usiku AC haiwaki mpaka nibonyeze rimoti. Juzi nimekuta plagi imekuwa ya kahawia pembeni na inanuka. LUKU (umeme wa kulipia kabla) nayo inaisha upesi, ingawa AC naiweka nyuzi 18 ili chumba kipoe haraka kisha niizime. Je, ninunue plagi kubwa zaidi? Na hita ya maji ya bafuni ya lita 30, naweza kuifunga hivyo hivyo?

JIBU: Nzuri, ndugu yangu. Kabla hujasoma zaidi, kaichomoe hiyo plagi. Zima AC kwa rimoti, ngoja feni ya ndani isimame, zima swichi ya soketi ukutani, ndipo uivute. Kisha itazame soketi kwa tochi. Ukiona plastiki imelainika au shaba ya ndani imepiga weusi, usichomeke kitu hapo mpaka fundi umeme aibadilishe. Plagi yenyewe itupe, hata kama bado inawaka.

Kilichoiunguza huenda ni hiki. AC ya BTU 12,000 isiyo ya inveta hula takribani wati 1,100, yaani ampea 5 hivi kwa volti 230. Ukiangalia namba hiyo peke yake, plagi ya 16A inaonekana imezidi mahitaji. Tatizo ni sekunde ya kwanza. Kompresa, pampu ya gesi ya AC, inapoanza kuzunguka huvuta mara 4 hadi 6 ya umeme wake wa kawaida, ampea 25 au 30 kwa muda mfupi. Hiyo 16A iliyoandikwa kwenye plagi ni kwa mzigo mtulivu kama pasi au birika. Ndani ya plagi mna relei, yaani swichi inayoendeshwa kwa umeme, yenye ncha mbili ndogo za kugusana, na kila ikikata au kuunga mota inatoa cheche. Cheche zinaacha masizi na vishimo, ncha hazigusani vizuri tena, na hapo joto linaanza. Mgusano mbovu wenye ukinzani wa omu 0.2 tu, ukipitisha ampea 6, unatoa wati 7 za joto ndani ya kiboksi cha plastiki kisichozidi ngumi, usiku kucha, huku umelala.

Kuna hali mbaya kuliko hiyo: ncha zikishikana kabisa kwa kuyeyuka, simu itakuandikia kwamba AC imezimwa wakati inaendelea kuunguruma. Kwa hiyo jibu la kununua plagi kubwa zaidi ni hapana. AC inatakiwa iwe na laini yake kutoka kwenye boksi la breka: waya wa milimita za mraba 2.5, breka ya ampea 16 au 20, na swichi ya AC ya ampea 20 inayokata nyaya zote mbili. Umeme wa kufikia AC uwepo muda wote. Kinachotakiwa kuwa janja ni amri, na amri ya AC hupita kwenye rimoti.

Hapo ndipo penye jibu la kwa nini plagi inazima lakini haiwashi. Umeme ukirudi, ubongo wa AC yako unaamka ukiwa umekaa kimya kusubiri rimoti. Baadhi ya modeli zina uwezo wa kukumbuka hali ya mwisho na kujiwasha. Yako haina, au haujawezeshwa. Hata zile zinazojiwasha hazifai kukatwa kwa plagi. Ukizima kwa rimoti, mashine inasimamisha kompresa kwa utaratibu wake, na nyingi huhesabu dakika 3 hivi kabla ya kuiruhusu kuanza tena, ili mgandamizo wa gesi pande mbili usawazike. Ukikata na kurudisha haraka kwenye mashine isiyo na kinga hiyo, kompresa inasukumana na gesi iliyobanwa, inashindwa kuzunguka, inavuta umeme wa kuanzia mfululizo mpaka kinga yake ya joto iikate. Kompresa hufa hivyo, na bei yake unaijua.

Nunua rimoti janja ya wifi, kile kiduara cheusi kidogo kinachotumia chaja ya simu ya volti 5. Kinatuma mwanga uleule usioonekana ambao rimoti ya mkononi hutuma. Kiweke mahali kinapoiona AC moja kwa moja, umbali wa mita 3 hadi 6, kisijifiche nyuma ya televisheni wala pazia. Wakati wa kukiunganisha, simu iwe kwenye wifi ya 2.4 GHz (ruta nyingi zina masafa mawili, 2.4 na 5 GHz), kwa sababu vifaa vingi vya aina hii havisikii 5 GHz. Ruta ikiwa imechanganya zote mbili kwa jina moja na kifaa kinagoma, ingia kwenye mipangilio ya ruta uizime 5 GHz kwa dakika 10, unganisha, kisha uirudishe.

Katika programu ya simu ya kifaa hicho, chagua chapa ya AC yako na ujaribu seti za misimbo ya rimoti moja baada ya nyingine. Usikubali seti kwa sababu tu imewasha. Jaribu kuzima, kubadili kutoka 24 kwenda 27, hali ya kupoza na ya kukausha, na kasi zote za feni. Usijaribu kuifundisha kitufe kimoja kimoja kama unavyofanya kwa televisheni. Rimoti ya AC kila ukibonyeza hutuma ujumbe mzima: imewaka, hali gani, nyuzi ngapi, feni ipi. Ukifundisha kitufe cha kuongeza joto ukiwa kwenye 22, kitakumbuka 23 tu, siku zote.

Halafu kagua saa. Ukiichagua nchi vibaya wakati wa kujisajili, ratiba zinafuata saa za nchi hiyo. Ikiwa China, kila kitu kitatokea mapema kwa muda wa saa 5. Weka majira ya Dar es Salaam, na ukumbuke kuwa programu inataka saa 24: saa 3 usiku ni 21:00, saa 11 alfajiri ni 05:00.

Udhaifu wa rimoti janja ni kwamba inasema bila kusikia. Mwenzako akizima AC kwa rimoti ya mkononi, programu haijui. Ongeza sensa ya joto na unyevu, iwekwe kwenye ukuta wa ndani kimo cha mita 1.2 hadi 1.5, upande wa kitanda, mbali na upepo wa AC na mbali na ukuta unaopigwa na jua la magharibi. Sensa za wifi za betri hulala ili kuokoa betri, zikatuma taarifa kwa kuchelewa. Ukiweza pata ya Zigbee (mawasiliano ya redio yasiyotumia wifi) pamoja na kituo chake kidogo. Kisha weka sheria hii: kama dakika 20 baada ya amri ya kuwasha joto halijashuka hata nyuzi 1, tuma amri tena. Kwa kuwa ujumbe ni kamili, kurudia hakuna madhara. Jaribu kwanza kwa mkono, maana modeli chache hutumia msimbo uleule kuwasha na kuzima, na kwa hizo sheria hii itaizima AC.

Sasa nyuzi 18. Kompresa yako ina mwendo mmoja, iwake au isiwake. Ukiandika 18 au 26, hewa inayotoka mwanzoni ni ileile na chumba kinapoa kwa kasi ileile. Tofauti ni kwamba kwenye 26 itafika na kupumzika, kwenye 18 huenda isifike kamwe, hasa mwezi wa Februari kuta za tofali zikiwa zimebeba joto la mchana mzima. Fanya hesabu: wati 1,100 kwa saa 8 bila kupumzika ni yuniti 8.8. Ikipumzika asilimia 40 ya muda ni yuniti 5.3. Kwa bei ya kawaida ya nyumbani, takribani shilingi 356 kwa yuniti pamoja na kodi, unaokoa kama shilingi 1,250 kwa usiku mmoja.

Ratiba ninayokushauri: 20:30 iwake kwenye 25, milango na madirisha yamefungwa. 22:30 ipande 26, na feni ya dari iwe mwendo wa chini. Feni hula wati 50 hadi 75, na upepo wake unakufanya uhisi ubaridi zaidi ya namba iliyoko kwenye sensa. 02:00 ipande 27. 05:00 izime. Ongeza sensa ya mlango: ukikaa wazi dakika 3, AC izime. Na uweke sharti la msimu: saa 20:30 chumba kikiwa chini ya nyuzi 26 na unyevu chini ya asilimia 70, AC isiwake, feni inatosha. Kuanzia Juni hadi Agosti sharti hilo linaweza kukufaa baadhi ya usiku.

Usiweke sheria ya kuwasha kwenye 26.5 na kuzima kwenye 26. Kazi hiyo iachie thermostati (kidhibiti joto) ya AC yenyewe. Sheria zako zibadilishe nyuzi tu. Na siku ukinunua ya inveta hili lina uzito zaidi, kwa kuwa inveta hupata faida yake kwa kutembea polepole muda mrefu. Ukiizima na kuiwasha kila robo saa, kila ikianza inakimbia kwa nguvu na faida inapotea.

Umeme ukikatika, ruta na rimoti janja huchukua dakika kadhaa kurudi hewani, na ratiba iliyopita wakati wa giza inaweza isitekelezwe. Betri ndogo ya ruta ya volti 12 inatatua hilo kwa ruta. Kwa AC, muombe fundi akufungie gadi ya umeme inayochelewesha dakika 3 hadi 5 umeme ukirudi na inayokata volti zikishuka mno.

Kuthibitisha kama umeokoa, huhitaji kununua kifaa. Tazama taa nyekundu inayopepesa kwenye mita yako ya LUKU. Pembeni pameandikwa idadi ya mipepeso kwa yuniti moja, mara nyingi 1,000. Zima vingine vyote, acha AC, hesabu sekunde kati ya mpepeso na mpepeso. Kwa mita ya 1,000, gawa 3,600 kwa sekunde hizo: sekunde 3 ni wati 1,200. Ikionyesha wati 1,100 hivi lakini chumba hakipoi, safisha chujio kwanza, kila wiki 2 kwa mji wenye vumbi kama huu. Ikishuka chini sana huku feni ya nje inazunguka, huenda gesi imepungua au kapasita (kifaa kinachosaidia kompresa kuanza) imechoka, na hapo programu ya simu haikusaidii. Mwite fundi AC.

Hita ni mzigo mtulivu, haina mota, kwa hiyo inakubali swichi janja vizuri zaidi ya AC. Hata hivyo usitumie plagi. Tafuta swichi janja ya hita ya ampea 20 inayokata nyaya zote mbili, ifungwe na fundi mwenye leseni nje ya bafu, na athi (waya wa ardhini wa usalama) ipimwe kabla ya mtu yeyote kuoga. Lita 30 kutoka nyuzi 25 hadi 55 zinahitaji yuniti 1 na ushee. Kwa hita ya wati 1,500 ni dakika 42. Kama mnaoga saa 12 asubuhi, iwake 05:10 na izime 06:00.