Tulitoka alfajiri mvua ikinyesha

Ndugu mhariri, wiki hii mmeuliza: "Tahadhari ya dhoruba ikishatolewa, anayetoka nje akapatwa na mabaya, ajilaumu mwenyewe?" Nimelisoma swali hilo mara tatu nikiwa jikoni, na usingizi umeniruka. Jibu langu ni hapana. Anayeuliza hivyo hajajua tahadhari inamkuta mtu katika hali gani, anadaiwa nini, na nani anamngoja saa kumi na mbili asubuhi.

Naishi Buffalo, jimbo la New York. Nilizaliwa Uvira, Kongo, nikakulia kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu, Tanzania, nikaletwa huku 2016. Wenzangu wa Buffalo hawahitaji kuelezwa dhoruba ya theluji ya Krismasi ya 2022. Kwa walioko Kigoma na Bujumbura: mji huu uko kwenye ncha ya mashariki ya ziwa Erie, upande ule ule upepo unakoelekea. Ziwa likiwa halijaganda, hewa ya baridi kali hupita juu ya maji, ikabeba unyevu na kuja kuumwaga mjini ukiwa theluji. Sisi wa ziwa Tanganyika tunajua ziwa likichafuka linaua wavuvi. Hili la huku linamfuata mtu hadi mlangoni kwake. Dhoruba ile ilienea sehemu kubwa ya Marekani, baridi ikafika hadi Texas, lakini kwetu ilikaa. Uwanja wa ndege ulipata theluji ya mita 1.3, upepo ukavuka kilomita 110 kwa saa, na kwa saa 37 hivi hukuweza kuona mbele. Katika kaunti ya Erie walikufa watu zaidi ya 40: wengine ndani ya magari, wengine njiani, wengine majumbani. Mjini kwetu wengi wao walikuwa Weusi.

Ijumaa tarehe 23 Desemba, saa kumi na moja alfajiri, nilimpitia shemeji yangu, kaka wa mke wa mdogo wangu. Hana gari. Mvua ilikuwa inanyesha. Nasema mvua, si theluji. Barabara ilikuwa nyeusi, na hewa haikuwa ya kutisha. Shemeji alivaa raba za kitambaa. Simu zilikuwa zimelia kwa tahadhari tangu jana yake, lakini kiwandani tulikofanya kazi hakuna aliyesema kazi imefungwa, na kwetu ukikosa siku unapewa pointi. Pointi zikijaa, kazi huna.

Kwenye saa tatu upepo ukaja, paa la bati likaanza kulia. Saa tatu na nusu magari yakapigwa marufuku barabarani. Sisi tulikuwa tumeshasimama kwenye mashine! Msimamizi alituruhusu saa tano. Kwa hiyo kila aliyejaribu kurudi kwa watoto wake alikuwa mvunja sheria, na wa kubaki hakuwa na pa kulala.

Gari lilikwama mitaa minne kutoka kwangu, karibu na Grant Street. Waipa ziliganda. Kila baada ya muda nilishuka kuzibua ekzosi kwa mikono, maana mzee mmoja kanisani alitufundisha mwaka wetu wa kwanza: theluji ikiziba ekzosi, moshi unarudi ndani, mnasinzia na hamuamki. Mke wangu alipiga simu hadi chaji ikaisha. Miguu ya shemeji ilikuwa imelowa tangu asubuhi. Kuelekea jioni akaniambia vidole havimuumi tena. Alisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayesema njaa imepita.

Mafuta yalipofika kwenye alama nyekundu nilitoa kamba ya kuvutia gari, nikamfunga kiunoni, upande wa pili nikajifunga mimi. Tulipiga hatua saba hivi, nikageuka: gari halipo. Lilikuwa pale pale, ila macho hayakuliona. Tuligonga uzio, tukaufuata kwa mikono kama vipofu mpaka ngazi za nyumba fulani. Aliyefungua alikuwa bibi wa Puerto Rico. Hakutuuliza sisi ni nani.

Umeme wake ulikuwa umekatika, na hita za huku bila umeme hazisukumi joto hata kama gesi ipo. Jiko aliliwasha kwa kiberiti, akatupikia wali na maharage, kisha akalizima. Nilimwomba aliache liwake tupate joto. Akatikisa kichwa, akaonyesha kwa viganja vyake mtu aliyelala, asiamke. Alitundika mablanketi kwenye mlango wa jikoni, tukakaa humo watatu. Nilipoanza kuisugua miguu ya shemeji akanipiga mkono, akaitia kwenye maji ya vuguvugu. Alipiga simu ya dharura, wakapokea, lakini hawakuwa na wa kumtuma, maana hata magari ya wagonjwa na ya zimamoto yalikuwa yamekwama. Jumapili mchana, siku ya Krismasi yenyewe, vijana wenye pikipiki za theluji walimbeba hadi hospitali. Alipoteza vidole viwili.

Nilianza kuandika nikitaka kuwalaumu waliochelewesha marufuku, na mwajiri aliyetuita. Sifuti neno. Lakini nilipoandika "raba" mkono ulisita. Niliziona zile raba, nikanyamaza. Nyumbani nilikuwa na buti za ziada. Ofisi ya hali ya hewa ilikuwa imeonya siku kadhaa kabla kwamba hii ni dhoruba ya mara moja katika kizazi, na mimi nilielewa kila neno. Mke wangu aliniambia nisiende. Shemeji alikuwa na miezi mitano tu Marekani, na mlio ule wa simu kwake ulikuwa mlio tu. Alfajiri ile aliniuliza, "Tunaenda?" Nikasema tunaenda. Tahadhari yake ilikuwa mimi.

Basi jibu langu limegeuka. Anayejua na akatoka, ajilaumu, na mimi najilaumu. Ila msiligeuze fimbo ya kumpigia aliyetoka kutafuta maziwa ya mtoto au dawa ya sukari. Upande wa mashariki wa mji huu maduka makubwa ya chakula ni ya kuhesabu, na huwezi kumwambia mtu aweke akiba ya wiki wakati mshahara bado. Na marufuku ingetangazwa Alhamisi usiku, nadhani ningelala. Nadhani tu, kwa sababu pointi nilikuwa naziogopa kuliko upepo.

Shemeji hajawahi kunitupia neno. Akiulizwa husema Mungu alitukinga.

Januari 2024 ilitangazwa dhoruba nyingine, hata mechi ya Bills, timu yetu ya futiboli ya Kimarekani, ikasogezwa kutoka Jumapili hadi Jumatatu. Jumamosi nilimpigia nikamwambia kesho simpitii. Akasema msimamizi hajatangaza kwamba hakuna kazi, atatafuta lifti kwa mwingine. Nilivaa buti, nikabeba jozi ya pili mkononi, nikatembea hadi kwake kabla upepo haujakolea. Usiku ule nililala kwenye kochi lake, lile lililo karibu na mlango.