Behewa la mafundi wa reli, la kujiundia mwenyewe

Kaka, umeuliza kama behewa dogo la mfano, la mafundi wa njia ya reli, linaweza kuundwa kwa katoni, na kwa nini lile la kwanza uliloliunda linaruka reli kwenye kila kona. Linawezekana. Langu nililiunda hapahapa Lubumbashi. Nilichoagiza ni magurudumu tu.

Kwanza geji, yaani nafasi kati ya reli mbili. Reli zetu za Katanga zina milimita 1,067. Gawanya kwa 87 (mfano wetu ni mdogo mara 87 kuliko behewa halisi) unapata kama 12, basi ukitaka lifanane na yale ya kwetu tumia njia ya milimita 12, siyo ile ya 16.5 iliyozoeleka. Behewa halisi la mita 10 linakuwa milimita 115.

Kuruka kunatokana na wepesi. NMRA, chama cha Marekani cha waunda reli za mfano, hupendekeza gramu 28, kisha 14 kwa kila milimita 25 za urefu. Lako lifike kama 90. Mimi niligandisha nati chini ya sakafu. Usiziweke juu kwenye kibanda, litapinduka (nimeyaona hayo!). Halafu usikaze bogi (fremu za magurudumu chini ya behewa) zote mbili. Moja izunguke tu, nyingine ilegee kidogo iyumbe kushoto na kulia, ili magurudumu yote yaguse reli hata penye kibonde.

Sakafu ni vijiti vya aiskrimu. Unataka lionekane lina kutu? Chukua vumbi letu jekundu, lichuje kwa soksi ya nailoni, upake kwa brashi kavu. La kiangazi ni laini zaidi.