Nagona imekushinda? Rudi nyuma, upite huku

Mkuu, umesema shuleni uliipenda Rosa Mistika, riwaya ya Euphrase Kezilahabi, ukanunua Nagona kwa sababu ni ya mwandishi yuleyule, ukaishia kurasa za mwanzo. Tatizo si uelewa wako, ni mpangilio. Rosa Mistika (1971) ina kisiwa cha Ukerewe, ina baba mlevi na binti anayechungwa mpaka anaharibika: hadithi unaishika mkononi. Nagona haina mkono wa kuishikia. Ni ndoto, watu wake hawana ukoo wala anwani, na humo ndani wanapita wanafikra kina Marx na Freud kama majirani.

Soma kwanza Kichwamaji (1974), ya Kezilahabi pia. Kazimoto, msomi wa chuo kikuu, anarudi kwao Ukerewe na kusimulia kwa kinywa chake mwenyewe. Hadithi bado ni nyoofu, ila maswali yanayokuja kuitawala Nagona (maisha yana maana gani, Mungu yuko wapi katika haya) yameshaanza kuchemka. Wengi wanakosea kumchukua Kazimoto kama msemaji wa mwandishi, wakamaliza kitabu wamekasirika. Mchunguze huyo kijana. Anajidanganya mara nyingi. Na kama siku hizi uko kwenye msongo, kiweke kando kwanza, mwisho wake ni mzito.

Kisha vuka maji uende Unguja. Hapa ndipo ningekaa muda mrefu kuliko kote, na kama ni kitabu kimoja tu, basi Vuta N'kuvute (1999) ya Adam Shafi. Yasmin, binti wa Kihindi, ameozwa kwa Raza, mfanyabiashara wa umri wa baba yake. Anamkimbia, anapata hifadhi mtaa wa Ng'ambo kwa Mwajuma, na huko anakutana na Denge, anayesakwa na polisi wa mkoloni. Siasa imefichwa ndani ya mapenzi, kwa hiyo huhubiriwi. Kuli (1979), ya mwandishi huyohuyo kuhusu wapagazi wa bandarini na mgomo wa 1948, ni nzuri lakini hotuba zake zinasikika waziwazi.

Wasomaji wa bara hukwama kwenye mazungumzo, wakadhani Kiswahili ni kigumu. Ufunguo uko jaladani. Ile n' ni "ni" iliyomezwa: vuta, nikuvute. Ukishaizoea, "ntakuja" ni nitakuja na "nshamwambia" ni nimeshamwambia, hakuna cha kutafuta kwenye kamusi. Soma kurasa kumi za kwanza za mazungumzo kwa sauti. Sikio litaelewa kabla ya jicho. Filamu ya Amil Shivji ya 2021 itazame baadaye, isije ikakuchagulia sura za watu.

Baada ya hapo, Nyota ya Rehema (1976) ya Mohamed Suleiman Mohamed. Fuad ana mashamba, ana asili ya Kiarabu, anapata mtoto mweusi kuliko alivyotarajia, na kitabu kizima kinatoka kwenye shaka hiyo. Kwa sentensi moja moja, huyu ndiye fundi kuliko wote niliowataja. Ananyima maelezo. Msome polepole.

Angalizo la dukani: majina. Mohamed Suleiman Mohamed, Said Ahmed Mohamed na Muhammed Said Abdulla ni watu watatu. Ukiomba "ya Said Mohamed" unaweza kurudi na hadithi ya Bwana Msa, mpelelezi wa Abdulla. Upelelezi wenyewe mtamu, lakini sicho ulichofuata. Adam Shafi na Shafi Adam Shafi ni mtu mmoja. Na ukiomba Utengano ya Said Ahmed Mohamed, fungua ndani kabla ya kulipa: kama kuna "maudhui", "wahusika" na maswali ya marudio, umepewa mwongozo wa mtihani.

Daraja la mwisho ni Babu Alipofufuka (2001) ya Said Ahmed Mohamed. Mkubwa anayeitwa K anatembelewa na babu yake aliyekwishakufa, akatembezwa aone aliyoyafumbia macho. Ndoto na uhalisia vimechanganywa, lakini unajua muda wote nani anakasirikiwa na kwa nini. Ukiimaliza bila kuuliza "hii imetokea kweli au la?", uko tayari.

Sasa rudi Nagona. Haifiki kurasa mia, kwa hiyo tenga jioni moja uimalize kwa kikao kimoja. Ukiisoma vipande vipande kila ukirudi utakuwa umepotea upya. Usitafute kisa. Chukua penseli, kila ukikutana na "duara" au "ngoma" weka alama pembeni, endelea. Ukifika mwisho pitia alama tu. Mzingile (1991), ya Kezilahabi pia, ifuate ndani ya wiki hiyohiyo, kabla alama hazijakutoka kichwani.